Linganishi au linganifu? Na hiyo "kamili" je?

Msomaji mmoja yuko kwenye tasnifu ya baiolojia, kaniuliza hivi: kuna njia mbili za kupima jeni inafanya kazi kiasi gani, moja inatoa idadi yenyewe ya nakala, ingine inalinganisha tu sampuli na sampuli, sasa aseme "kipimo kamili" na "kipimo linganifu"?

Asante sana ndugu yangu, manake hapa wengi wanateleza. Linganifu imetoka kwa lingana, ni kitu ambacho pande zake zinaendana. Wewe unalinganisha, kwa hiyo ni linganishi, kama isimu linganishi au fasihi linganishi. Hilo limeisha.

"Kamili" ndo inanisumbua. Mtu akisikia kipimo kamili anadhani kile kingine kina upungufu, na sivyo, kila njia ina swali lake. Hii ya kwanza unaandaa sampuli ambazo idadi ya nakala zake unaijua, tuseme 100, 1,000, 10,000, unachora mstari alafu unaangalia ya kwako inaangukia wapi. Mi ningeita kipimo cha idadi halisi, na hilo neno idadi usiliache, manake nimeona watu wanaandika "kipimo halisi cha usemi wa jeni" na kwenye sarufi usemi halisi ni maneno ya mtu kama alivyoyatamka, msomaji anapotea hapohapo. Badala ya usemi tumia udhihirikaji wa jeni.

Kwenye linganishi jibu linakuja kama "mara ngapi", na hapo uwe makini kweli. PCR (mbinu ya maabara ya kunakili kipande cha DNA mzunguko baada ya mzunguko) ikienda vizuri nakala zinakuwa maradufu kila mzunguko, basi sampuli yenye dawa ikiwahi kuonekana mizunguko 3 mbele ya isiyo na dawa, ukishasawazisha na jeni ya rejea, ile unayoitegemea isibadilike, kama GAPDH (na uhakikishe dawa yenyewe haiigusi hiyo jeni), ni 2 × 2 × 2, yaani 8. Andika "ni mara 8 ya ile isiyo na dawa". Ukiandika "mara 8 zaidi" kuna atakayeelewa 8 na kuna atakayeelewa 9, wote wana haki. Na ikishuka usiniandikie "imepungua mara 4", kupungua mara 4 mi nasikia imeshuka leo, ikashuka tena na tena. Sema imebaki robo.