Naongozaje kikao cha ukoo kuhusu mtoto wa dada aliyebadili jina?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kibosho, Moshi. Dada yangu anaishi Marekani, binti yake wa miaka 19 mwaka huu kasema yeye ni mwanaume na jina kabadili. Desemba wanakuja nyumbani. Grupu la ukoo wasap ni matusi tupu, shemeji anatuma habari za WHO (Shirika la Afya Duniani), baba mdogo anajibu na ripoti ya Uingereza, na mimi ndio nimepewa kuongoza kikao tarehe 27. Nifanyeje watu waongee bila kuvunjana?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na huo mzigo. Hapa Arusha kesi zangu nyingi ni mashamba na mirathi, lakini hili lako nalo linakuja siku hizi.

Ajenda isiwe kuamua huyo mtoto ni nani, hamtaelewana hata mkikesha. Ajenda iwe mtaishi naye vipi hizo siku akiwa nyumbani: analala wapi, anaitwaje mezani, nani ataongea na bibi. Hayo yanaamulika.

Hizo mnazotumiana kwenye grupu, wote wawili wako sahihi, ndio maana hamfiki popote. Ni kweli orodha mpya ya magonjwa ya WHO, iliyoanza kutumika Januari 2022, imelitoa jambo hili, la mtu kujiona wa jinsia tofauti na aliyozaliwa nayo, kwenye sura ya magonjwa ya akili, na ni kweli hiyo ripoti ya Uingereza, ya Dkt. Hilary Cass ya 2024, ilisema ushahidi wa dawa za kuzuia balehe kwa watoto ni dhaifu, sasa moja inajibu tunaliweka kundi gani, nyingine inajibu watoto watibiwe vipi, na huyu wenu ana miaka 19 balehe kashamaliza zamani! Halafu baba mdogo wala hayuko kwenye udaktari, yeye anauliza habari za Mungu na ukoo. Andika maswali hayo kwenye karatasi kubwa kila moja peke yake, mtu akirukia lingine mwonyeshe karatasi.

Wazee wakianza kuongea vijana wananyamaza, unajua kwetu. Nenda kwa mzee mkubwa mapema, mwombe kwa heshima azungumze mwisho, mwambie unataka asikie wote kwanza. Ukimwomba mbele za watu atakukatalia.

Sasa kazi yenyewe. Baba mdogo akimaliza, dada yako asijibu kwanza, aseme alichosikia, halafu umuulize baba mdogo "ndivyo ulivyosema?" Utashangaa. Atasema "hapana, sijasema simpendi, nimesema msibani nitamtambulishaje kwa watu". Hapo ndio umepata cha kuongea, maana hofu ya msibani ina jibu, matusi hayana. Na dada naye afanyiwe hivyo hivyo, usimwonee baba mdogo peke yake.

Usitegemee mtu abadili msimamo. Kule Boston, Marekani, baada ya watu wawili kuuawa kwa risasi kwenye kliniki za utoaji mimba Desemba 1994, wanawake sita viongozi, watatu wanatetea utoaji mimba watatu wanaupinga, walikutana kimya kimya karibu miaka sita, na walipojitokeza 2001 wakasema misimamo yao ndio imezidi kukaza, ila wanaheshimiana. Wewe una mchana mmoja, heshima tu inatosha.

Mtoto mwenyewe asikalishwe katikati kama mshtakiwa, aulizwe kama anataka kuwepo, akikataa basi. Kwenye kikao mwiteni "mtoto wetu", hiyo hakuna atakayeipinga. Simu zikusanywe, mtu asirekodi. Mbege itoke baada ya kikao, aisee sio kabla.

Akitokea wa kutukana, simamisha dakika kumi watu wapunge upepo mgombani, akirudia funga kikao, tarehe 28 bado mpo wote.