Taa inabaki na mwanga ukiizima, globu zinaungua kila mwezi: anzia darini, achana na duka la globu

Mkuu, nimesoma maelezo yako yote. Taa ya sebuleni ukiizima usiku inabaki na mwanga hafifu kama wa kimulimuli, ya chumbani inachezacheza kila mkeo akipiga pasi, na tangu uhamie umeshanunua globu nane. Wadau wengi hapo juu wamekushauri ubadilishe aina ya globu. Naomba nipingane nao, maana njia hiyo nimeipita.

Mwaka 2019 nilipanga nyumba Tabata, vyumba vitatu na veranda. Mwezi wa kwanza zikafa globu mbili za LED. Mwezi wa pili tatu. Nikamweleza baba mwenye nyumba, akacheka: "Kijana wangu, globu za siku hizi hazina maisha. Nunua za bei kubwa." Nikanunua za bei kubwa. Nazo zikafa, ila kwa heshima zaidi, zilichukua wiki sita.

Kilichonifungua macho ni pasi, kama kwako. Nikaazima mita ya kupimia volti kwa fundi redio wa mtaani. Kwenye meni swichi nikapata volti 222. Kwenye holda ya chumbani, pasi imezimwa, 221. Nikamwambia mama watoto awashe pasi: 205, 208, 203, namba hazitulii. Nikashuka nikapima tena meni swichi pasi ikiwa inawaka: 221. Maana yake umeme ulikuwa unaingia ndani ya nyumba vizuri, volti kama 17 zinapotelea njiani kati ya meni swichi na chumbani. Zinapotea wapi? Nikazima meni swichi, nikapanda darini na tochi mdomoni.

Kwa wiki kadhaa tulikuwa tunasikia harufu kama ya samaki aliyeoza, tukidhani panya amefia juu. Haikuwa panya. Juu ya mlango wa chumba nikakuta fundo la nyaya nne nyeusi za nyutro (waya unaorudisha umeme), zimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa solotepu. Ile solotepu ukiigusa inavunjika kama ganda la karanga. Ndani, shaba imekuwa nyeusi, plastiki ya waya imeyeyuka ikarudi nyuma sentimita mbili hivi. Na ubao uliokuwa chini yake ulikuwa na doa la kuungua lenye ukubwa wa kiganja. Lile doa lilininyima usingizi kuliko bei ya globu zote.

Piga hesabu hapa. Pasi ya wati 1000 inavuta kama ampea 4. Volti 17 mara ampea 4 ni wati 68. Yaani kila tulipopiga pasi, ni kama tumewasha globu ya zamani ya wati 60 ndani ya kile kifundo, karibu na mbao kavu.

Watu wanajifariji kwamba breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, itakata. Haikati. Breka inaangalia wingi wa umeme unaopita, na kiungo kilicholegea hakiongezi umeme, kinaupunguza. Kingeweza kuunguza dari lote breka ikiwa imekaa kimya. Halafu kinapocheza, kinagusa na kuachia, zile cheche ndizo zinazoua kisanduku kidogo cha elektroniki kilicho kwenye kitako cha globu ya LED. Globu za zamani za waya zilikuwa zinavumilia. Hizi hazivumilii.

Swali ambalo huenda unajiuliza: pasi inahusianaje na taa? Haikupaswa kuhusiana. Laini ya taa kwa kawaida ni waya wa milimita 1.5 na breka ya ampea 6 au 10, soketi zina laini yake ya milimita 2.5. Mpangaji aliyenitangulia alitaka soketi chumbani, fundi wake akaona kuvuta waya mpya ni kazi, akachukua umeme kutoka kwenye laini ya taa. Kwako pima hivi: zima breka ya taa peke yake, kisha jaribu ile soketi ya pasi. Ikifa pamoja na taa, umeshapata nusu ya jibu.

Mimi nilikata nyaya zote nne mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikazifunga kwa konekta ya skrubu ndani ya kiboksi cha plastiki, nikaitenga ile soketi kabisa. Baadaye fundi akaja kuivutia laini yake. Globu nilizofunga siku ile ziliwaka mpaka nahama, 2022.

Sasa hiyo taa yako ya sebuleni isiyotaka kulala. Hilo ni tatizo lingine kabisa, na wakati mwingine linaua watu. Kwanza angalia swichi yenyewe. Kama ina kile kitaa kidogo chekundu cha kukuonyesha ilipo gizani, basi kitaa hicho kinapitisha umeme kiduchu kwenye globu, nao unatosha kuifanya LED ing'ae au ipepese kila baada ya sekunde chache. Weka swichi ya kawaida, umemaliza. Kama ni taa ya korido yenye swichi mbili, nyaya ndefu zinazokwenda sambamba huambukizana umeme kidogo, na hapo hakuna hatari.

Lakini kama ni swichi ya kawaida, shuku kwamba fundi alipitisha nyutro kwenye swichi badala ya laivu (waya unaoleta umeme). Ukizima, mwanga mkubwa unakatika, lakini laivu imebaki pale kwenye holda inakusubiri. Mdogo wangu alirushwa kwenye stuli akibadilisha globu, na swichi alikuwa ameizima kwa mkono wake mwenyewe. Kupima: panda kitu kikavu cha mbao, swichi ikiwa imezimwa toa globu, gusa pini za holda moja moja kwa ncha ya testa (ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme). Testa ikiwaka kwa nguvu zilezile inazowaka kwenye soketi, laivu ipo. Mwanga wa kusuasua unaweza kuwa umeme wa kuambukizwa tu. Na kabla ya kuiamini testa, ijaribu mahali unapojua pana umeme, pima, kisha rudi kuijaribu tena palepale. Testa iliyokufa inasema "hakuna umeme" kwa ujasiri mkubwa sana.

Ikiwa ni taa hiyo moja, marekebisho ni kubadilisha nyaya kwenye kiungo cha darini ili laivu ndiyo ipite kwenye swichi, meni swichi ikiwa imezimwa. Usiamini rangi. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro nyeusi, za sasa kahawia na bluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba mara tatu ina zote pamoja na rangi ambazo fundi alikuwa nazo mfukoni siku hiyo. Ikiwa taa zote ziko hivyo, basi laivu na nyutro zimegeuzwa huko mwanzo, na breka zako zinakata nyutro. Hapo weka bisibisi chini, tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania.

Kuna kingine kinachowachanganya watu: taa haiwaki, lakini testa inawaka kwenye nyaya zote mbili. Mtu anasema "umeme upo mwingi, globu mbovu". Hapana. Laivu imepita kwenye taa nyingine iliyowashwa, ikatokea upande wa nyutro, ikakwama kwa sababu nyutro imekatika mbele. Tafuta kiungo, usitafute globu.

Taa iliyofunikwa na bakuli la kioo lisilopumua, LED inajipika yenyewe, hivyo punguza wati au toa bakuli. Tyubu ya zamani inayopepesa bila kuwaka, badilisha sitata (kile kikopo kidogo cha kuiwashia) kwanza kwani ni rahisi kuliko vyote. Ikiwa ncha zimekuwa nyeusi, tyubu imekwisha. Swichi ya nje inayogoma, ifungue umeme ukiwa umezimwa: ya veranda kwangu ilikuwa na mjusi aliyekauka katikati ya kontakti na kichuguu kidogo cha sisimizi pembeni.

Ila ukiona taa za nyumba nzima zinafifia kisha zinang'aa kupita kawaida, na jirani naye analalamika, hilo liko nguzoni. Zima meni swichi, chomoa friji na TV, wapigie wenye umeme wao. Mita ya umeme na sili yake usiguse.

Kwa hiyo, Mkuu, leo usinunue globu ya tisa. Fanya lile jaribio la breka na soketi, fanya na la testa sebuleni, urudi hapa utuambie. Na mwambie shemeji pasi isubiri kwanza, hasa kama huko darini kuna harufu ya samaki.