Kazi bila ngwe

Mhariri, salamu kutoka Ngamiani, Tanga. Swali lenu la wiki, "Simu imetupunguzia kazi au imetuongezea?", nalijibu kitambaa cha watu kikiwa mezani, kwa hiyo mtaniwia radhi nikirukaruka. Majibu ya kwanza mliyochapa yalikuwa ya namna mbili. Wapo wanaotaka tupunguze saa za kushika simu, na yupo yule baba aliyerudi kwenye kitochi na sasa anajiona amefika peponi. Wote nimewaelewa, wala sikubaliani nao.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona nguo za kike, sare za harusi, na Idi ikikaribia nashona chochote kitakacholetwa. Magauni ninayotoa kwa mwezi hayajazidi sana yale niliyotoa kabla ya simu za kugusa kuingia mtaani, na cherehani ni ile ile ya kukanyaga, ingawa siku hizi nimeifunga mota. Kwa hesabu ya mikono, kazi haijaongezeka. Kilichotoweka ni mwisho wake. Zamani kulikuwa na wakati fulani wa siku ambapo mtu anasema "nimemaliza" na nafsi yake inamwamini. Wakati huo siuoni tena, na nadhani ndio tunaoulilia tukisema simu imetuchosha.

Marehemu baba alikata mkonge upande wa Muheza. Kwa wasomaji wa mbali: mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche ikitoka Florida kupitia Hamburg, ikafika ikiwa hai 62 tu, na humo ndimo yalimozaliwa mashamba yaliyojaza mkoa wetu. Mkata mkonge alipewa ngwe yake ya siku. Majani 30 yanafungwa mzigo mmoja, mizigo inapangwa, inahesabiwa, ukitimiza unakwenda zako. Enzi za mkoloni kulikuwa na kadi iliyoitwa kipande, na mpaka siku 30 za kazi zijae ndipo mshahara uonekane. Siisifu enzi ile hata kidogo. Manamba walitolewa makwao mbali wakapangwa kambini, ujira wenyewe wa kutia huruma, na mwiba wa mkonge haujui jicho wala kidole. Baba angenifokea akisikia naita maisha yale mazuri.

Lakini akirudi nyumbani, kazi ilibaki shambani. Hakuna mnyapara aliyemfuata barazani kumwuliza habari za majani ya kesho. Alikaa na wenzake wakicheza bao mpaka alasiri, na kichwa chake chote kilikuwa kwenye bao. Mimi ninayefanya kazi kivulini, nimekaa kwenye kiti, ninalipwa vizuri kumshinda, sijawahi kuwa na alasiri kama ile siku ya kazi.

Sasa njooni kibandani kwangu. Zamani mteja akitaka kubadilisha mkono wa gauni ilibidi aje, kwa baiskeli au kwa miguu. Ile safari ilikuwa inachuja maneno, maana jambo dogo halimtoi mtu Sahare mpaka Ngamiani juani. Leo halimgharimu kitu. Saa nne usiku inaingia picha ya gauni alilovaa mwigizaji wa Nigeria: "Fundi, nataka kama hili." Kitambaa alicholeta ni mita tatu, na gauni la kwenye picha limekula si chini ya sita. Kabla sijajibu inaingia sauti ya mwingine, dakika nzima ni kunisalimia mimi na watoto, zipu inatajwa mwishoni. Halafu kuna kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, ambamo nimeingizwa "ili fundi awe karibu", wakibishana kama sare iwe rangi ya maziwa au krimu. Hizo rangi mbili ukiniwekea mezani usiku, mimi mwenye kazi yangu sizitofautishi.

Hakuna hata moja kati ya hayo inayochukua dakika tano. Ukijumlisha utaona ni kazi ndogo, na ndiyo maana wanaohesabu saa za simu hawaipati shida yenyewe. Shida iko kwenye kukata.

Kitambaa kimekunjwa pindo juu ya pindo, chaki imeshapita, futi iko shingoni. Hapo fundi ana vitu vingi kichwani kwa pamoja: kifua, kiuno, hipsi, urefu wa bega mpaka kiuno, upana wa kuachia mshono, na upande ambao ua la kitenge linaelekea, maana ukigeuza kipande kimoja maua yatasimama kichwa chini mgongoni kwa mtu. Tena yapo yasiyoandikwa daftarini kwa adabu. Mama huyu bega la kushoto limeshuka kidogo. Hilo halisemwi, linabebwa tu kichwani mpaka mkasi upite. Simu ikilia wakati huo, hata nisipoipokea, kuitupia jicho kunatosha kuyatawanya yote, nikaanza kupima upya.

Mtafiti mmoja, Sophie Leroy, aliandika juu ya jambo hili mwaka 2009. Alionyesha kwamba mtu akihama kazi kabla hajaimaliza, sehemu ya akili yake inabaki kule alikotoka, na ile kazi ya pili anaifanya kwa akili pungufu. Bibi aliyenifundisha ushonaji hakusoma utafiti wowote, lakini mkasi ukiwa mkononi alikuwa haitikii hata salamu. Wageni walimwona ana kiburi. Gauni zake hazikuwahi kurudishwa.

Hayo ni ya mchana. Usiku kuna lingine. Huko Berlin, miaka ya 1920, kulikuwa na mwanafunzi wa saikolojia, Bluma Zeigarnik, mwanafunzi wa Kurt Lewin. Kinachosimuliwa ni kwamba walivutiwa na wahudumu wa mgahawa waliokumbuka oda ambazo hazijalipwa, na zikishalipwa wanazisahau papo hapo. Majaribio aliyochapisha mwaka 1927 yalionyesha kuwa kazi iliyokatizwa inakaa kichwani kuliko iliyokamilika. Waliorudia majaribio yake baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, kwa hiyo nisiliuze kama aya ya msahafu. Ila mimi nikilala na maswali sita ya wateja ambayo nimeyasoma na sijayajibu, nalala nayo kweli. Naota hipsi.

Kilichonisaidia zaidi ni utafiti wa mwaka 2011 wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister. Hawa waligundua kwamba akili haingoji kazi iishe ndipo ikuachie. Ukishapanga waziwazi utaifanya lini na kwa namna gani, inatulia, hata kama kazi yenyewe bado haijaguswa. Niliposoma hapo nikafikiria sifa yetu mbaya sisi mafundi: "njoo kesho". Watu wanatusema, na wana haki. "Njoo kesho" haimpi mteja siku wala saa, kwa hiyo gauni lake linabaki wazi kichwani mwake, naye atauliza leo, atauliza usiku, atauliza alfajiri. Tangu WhatsApp ilipoweka tiki za bluu mwaka 2014 hata kujifanya hukuona ni vigumu, usipozizima. Nusu ya ujumbe unaotutesa mafundi tumeuita wenyewe. Mteja aliyeambiwa "Jumatano baada ya alasiri, zipu imeshawekwa, bado pindo" haandiki tena mpaka Jumatano. Jaribuni muone.

Na hapa ndipo ninapoachana na baba wa kitochi. Mwaka 2019 Nicholas Fitz na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la wiki mbili walilofanya na watumiaji wa simu nchini India. Wengine waliletewa taarifa za simu zao kama kawaida, wengine kwa mafungu mara tatu kwa siku, wengine hawakuletewa kabisa. Waliopata kwa mafungu walijisikia vizuri zaidi na walitulia kazini. Waliokatiwa kabisa waliingiwa na wasiwasi, wakihofu wanapitwa. Naliamini hilo bila kushawishiwa, kwa sababu pesa yangu inaingia kwa simu, mzigo wa vitambaa kutoka Kariakoo unafuatiliwa kwa simu, na msiba unatangazwa kwa simu. Kwetu mtu anaweza kusamehewa deni, lakini kukosekana mazikoni kwa sababu "simu nilizima" kutasemwa mpaka kwa wajukuu.

Kwa hiyo sikuzima. Asubuhi ni ya kukata, na simu inakaa kwa binti anayenisaidia. Ujumbe nausoma baada ya adhuhuri na tena kabla ya kufunga, na kila mmoja anajibiwa kwa siku na saa. Mwenye haraka apige. Hiyo ya kupiga ndiyo ninayoiona ina hekima kuliko zote, kwa kuwa kupiga kuna haya yake. Mtu ataandika saa nne usiku kuuliza kifungo bila kusita, lakini hawezi kumpigia fundi saa hiyo kwa ajili ya kifungo. Atajiuliza atasema nini nikipokea. Atakayepiga usiku ana jambo la kweli, naye namjibu.

Wateja hawakulipokea sawasawa. Mama mmoja wa Raskazone alisema nimeanza kujisikia, akahamia kwa fundi mwingine. Yule fundi anajibu ujumbe usiku wa manane, nami namtakia afya njema. Kamati za harusi ndizo ngumu zaidi. Kundi lina watu wengi, na kila mmoja anadhani akiandika yeye ndiye wa kwanza. Huko sasa naongea na mtu mmoja tu, wakikubaliana ndipo aniletee neno. Makundi mawili nimetoka, na harusi zilifanyika, watu walikula pilau.

Najua jibu la wengi: wewe umejiajiri, ukiamua umeamua. Ni kweli, na hapo wasomaji walioajiriwa wananizidi kwa shida. Mdogo wangu yuko kwenye ofisi moja inayoshughulikia mizigo ya bandarini. Bosi wake huandika saa tatu usiku, "kesho nikute imeshakamilika", akiweka na kialama cha kucheka. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kwa kawaida mtu apumzike saa 12 mfululizo kati ya siku ya kazi na inayofuata. Lakini nani atahesabu ule ujumbe wa saa tatu? Kusoma kwake ni sekunde, kuufikiria ni usiku mzima. Ufaransa waliliona hili, na tangu Januari 2017 sheria yao inazitaka kampuni zenye wafanyakazi kuanzia 50 zijadiliane nao juu ya saa za kutopatikana. Simwambii mtu aige Ufaransa. Nasema tu kwamba kumwambia kijana ajizuie mwenyewe, azime taarifa, ajifunze nidhamu, wakati anayemwandikia ndiye anayemlipa mshahara, ni kumtwisha mzigo asiyekuwa na kamba. Mwenye kukata ngwe ni bosi. Ndiye aache kuandika, au aandike na aseme wazi: "hili ni la kesho saa mbili". Neno hilo moja lingemlaza mdogo wangu.

Jirani zetu wavuvi wa dagaa wa Deep Sea hawana bosi wa namna hiyo. Wanatoka usiku wa giza na taa zao; mbalamwezi ikikomaa taa hazivuti tena dagaa, kwa hiyo wanakaa, wanashona nyavu, wanalala. Hakuna mke wala tajiri wa mashua anayewaita wavivu siku hizo, kwa sababu kila mtu anauona mwezi. Mpango wangu unatamani kitu kama hicho, mpaka ambao kila mtu anauona na hauhitaji kuelezwa. Ndiyo maana saa zangu nimeziandika kwa rangi mlangoni na kwenye picha ya WhatsApp, herufi kubwa. Nikizishika moyoni peke yangu, mteja anaona namnyima. Zikiwa mlangoni, anaona ndio utaratibu wa duka.

Mtaniuliza Idi je? Kumi la mwisho la Ramadhani utaratibu wote huu unavunjika. Najibu usiku, nashona mpaka daku, simu iko juu ya meza pale pale pembeni ya mkasi, na bibi aliyenifundisha angenipiga kofi. Lakini ajabu ni kwamba sichoki kwa uchovu ule wa miezi mingine. Mwili unauma, macho yanawasha, ila kila fundi wa Ngamiani anajua mwezi ukiandama hakuna atakayeuliza tena gauni la Idi. Linavaliwa au limekosekana, basi. Mwaka huu nimeongeza neno moja mlangoni: kitambaa kitakachofika baada ya kumi la kwanza kitashonwa Idi ikipita. Wateja wawili wameshanuna, na mmoja ni wifi yangu.