Ujerumani: ukipata ajali njiani kwenda kazini BG (shirika la bima ya ajali za kazi) inalipa, hata kama ulipitia Kita (chekechea) kumwacha mtoto

Dada pole sana, kuvunjika mkono kwa kazi yenu ya kunyanyua wazee siyo jambo dogo.

Kwa ambao hawakuona swali lake la jana, yeye anafanya kazi nyumba ya wazee, asubuhi alitoka na baiskeli akampeleka mtoto Kita afu akashika njia ya kazini, akateleza akavunjika mkono. Msimamizi wake akamwambia kwa vile alipitia Kita hiyo ni safari yake binafsi, atumie bima ya afya ya kawaida na mambo yaishe. Sasa anauliza kama kweli hana haki ya kulipwa kama mtu aliyeumia kazini.

Haki anayo, tena sheria inamtaja mzazi kama yeye kabisa. Iko kwenye SGB VII, yaani kitabu cha sheria ya bima ya ajali, kifungu cha 8. Njia ya kwenda na kutoka kazini inahesabiwa ndani ya bima ya ajali huku Ujerumani tangu 1925, ila kwa kawaida inatakiwa uwe kwenye njia yako ya moja kwa moja, ukikata kona kwenda kufanya mambo yako bima inasimama. Lakini sheria imewatoa watu wa aina mbili kwenye hilo: mzazi anayezunguka kumpeleka mtoto kwa mlezi au Kita ili yeye aweze kwenda kazini, na watu wanaopakiana gari moja kwenda kazini. Kwaiyo dada hata ungeangukia kwenye kile kipande cha kuzunguka kwenda Kita kwenyewe bado ungekuwa umekingwa, sembuse wewe ulikuwa umeshamwacha mtoto na unaelekea kazini.

Jambo ambalo naomba kila mtu alishike ni kwamba msimamizi HAAMUI. Meneja haamui, mtu wa mapokezi hospitali haamui. Anayeamua ni shirika la bima ya ajali ya kazi, Berufsgenossenschaft, sisi tunaita BG tu. Na huwezi kuiona kwenye karatasi ya mshahara kwasababu mfanyakazi hachangii hata senti moja, analipa mwajiri peke yake, ndo maana watu wanakaa huku miaka hawajui kama wana hiyo bima. Halafu ajali za njiani haziingizwi kwenye hesabu ya kumpandishia mwajiri mchango, kwaiyo huyo msimamizi hapotezi kitu chochote kwa kuandika ripoti. Inaniuma sana nikiona mtu anakatishwa tamaa kwenye korido na mtu ambaye hata kifungu hajasoma.

Mimi yalinikuta wakati wa barafu, nafanya kazi ghalani, nimetoka alfajiri naenda shifti ya asubuhi, hatua chache kutoka mlango wa jengo nikateleza kifundo cha mguu kikavunjika. Hospitali yule wa mapokezi akachukua kadi ya bima ya afya akaanza kuniandikisha kama mgonjwa wa kawaida, nikamwambia hapana, nilikuwa naenda kazini, andika hivo. Akabadilisha, nikapelekwa kwa D-Arzt, yaani daktari mwenye kibali maalum cha kushughulikia ajali za kazi, yeye ndo anaandika ripoti moja kwa moja kwenda BG. Hiyo ripoti ina uzito kuliko maneno yako yote ya baadae. Dada kama wewe ulitibiwa na daktari wa kawaida nenda kwa D-Arzt hata leo, mweleze ilikuwa saa ngapi, ulikuwa unatoka wapi unaenda wapi, na shifti ilikuwa inaanza saa ngapi.

Baadae BG wakanitumia fomu ya maswali, na swali walilolikomalia ni nilianguka sehemu gani hasa. Sababu yake ni kwamba bima ya njiani inaanzia mlango wa nje wa jengo. Unakaa ghorofa ya tatu ukadondoka kwenye ngazi za ndani, hata kama umevaa sare na begi mgongoni, njia haijaanza. Ukishavuka mlango wa nje, imeanza. Mi nilikuwa nje, jirani aliyeninyanyua akawaandikia, wakakubali. Wewe shahidi wako ni Kita, walimu wanajua mtoto kaletwa saa ngapi, waombe wakuandikie mistari miwili.

Mwajiri anatakiwa apeleke taarifa BG kama umeshindwa kufanya kazi zaidi ya siku 3, na anapewa siku 3 tangu ajue. Akigoma usimsubiri, waandikie BG mwenyewe. Kujua BG yenu ni ipi, angalia ubao wa matangazo kazini, ni lazima waibandike. Nyumba za wazee za binafsi na za makanisa mara nyingi zipo chini ya BGW, yaani BG ya kazi za afya na ustawi wa jamii, za manispaa zinakuwa chini ya Unfallkasse, yaani shirika la bima ya ajali la upande wa serikali.

Kwanini upiganie hili wakati bima ya afya nayo inatibu? Wiki 6 za mwanzo ni sawa tu, mwajiri anaendelea kukulipa mshahara. Tofauti inakuja baada ya hapo, bima ya afya inakupa asilimia 70 ya mshahara kabla ya makato, upande wa ajali ni asilimia 80, japo haiwezi kuzidi ile unayopokea mkononi. Dawa na mazoezi ya viungo huchangii kitu. Na kubwa zaidi ni kwamba kama mkono hautarudi vizuri, na baada ya wiki 26 bado uwezo wako wa kufanya kazi umepungua kwa asilimia 20 au zaidi, unapewa pensheni ya kila mwezi, hata kama umerudi kazini na mshahara unapokea. Pensheni kamili ni theluthi mbili ya kipato chako cha mwaka kabla ya ajali. Chukua mtu wa euro 30,000 kwa mwaka, kamili yake ni 20,000, akipimwa asilimia 20 anapata 4,000 kwa mwaka, kama 333 kwa mwezi. Na ukiamua kurudi zako Tanga au Mombasa kuishi, inakufuata huko huko. Bima ya afya haina kitu kama hicho!

Ila nisikudanganye, hawalipi kila kitu. Fidia ya maumivu hakuna, na baiskeli iliyopinda utaitengeneza mwenyewe. Miwani ikivunjika ukiwa umeivaa wanalipa. Ukisimama dukani kununua mkate, kwa muda huo haumo, ukirudi kwenye njia yako unaingia tena, ila ukitoka kazini ukakaa kwa rafiki zaidi ya masaa mawili basi safari ya kurudi nyumbani imeshakufa. Na pombe ikionekana ndo chanzo cha ajali, hakuna malipo.

Wale waliouliza kama wa Minijob (kazi ndogo ya malipo madogo) wamo, ndiyo, na wa Ausbildung (mafunzo ya ufundi kazini) pia, na huhitaji kuwa umemaliza muda fulani, siku ya kwanza kazini inatosha. Hata mtu anayefanyishwa kazi bila kuandikishwa, sheria inasema kuvunja katazo hakuondoi ajali kwenye bima, usikubali bosi akutishe na hilo. Watoto wa Kita, wanafunzi wa shule na wa chuo nao wamekingwa, njiani na ndani, kupitia Unfallkasse, tangu 1971.

Dada wakikukatalia, dai uamuzi kwa maandishi. Ukishapokea barua una mwezi mmoja wa kupinga, inaitwa Widerspruch, sentensi moja yenye sahihi na tarehe inatosha kuzuia muda usipite, sababu utazituma baadae. Wakikataa tena unaenda Sozialgericht, mahakama hiyo haikutozi gharama, na kama ni mwanachama wa ver.di (chama cha wafanyakazi) au VdK (chama cha kutetea haki za kijamii) wana wanasheria wa kukusimamia. Andika hapo chini kama kazini kwenu wameshapeleka ile taarifa au bado, kama bado nitakusaidia kuiandika barua ya BG kwa Kijerumani.