Kwa nini wanaitisha majina ya wenye mlikuwa nao

Zii, hawatafuti wa kulaumu. Umeuliza kwa nini mtu mmoja wa hosteli akipatikana na TB watu wa afya wanaanza kuitisha majina ya wenye alikuwa nao, ni juu TB inapitia hewa, si kikombe wala kusalimiana, so wenye wako kwa risk sana ni wale mnalala rumu moja, dabo deka mbili na dirisha imefungwa juu ya baridi ya Julai. Yule mlipitana tu kwa foleni ya mesi, huyo hata hayuko juu ya listi. Ndio maana wanauliza mlikaa wapi na kwa masaa mangapi.

Ukiwa kwa listi unaulizwa kama unakohoa, unatoa jasho usiku, umepungua kilo, na ukiwa na dalili unapimwa makohozi na eksirei. Ukiwa sawa kuna dawa za kuzuia, zile za 3HP unameza mara moja kwa wiki kwa miezi 3. Bila hizo vijidudu vinaweza kulala ndani yako miaka, viamke ukiwa ushamaliza shule na uko na mtoi kwa nyumba.

Jina la mgonjwa hawafai kutaja (ingawa hosteli ni hosteli, mpaka jioni watu wanajua). Na tafadhali msifiche yule paireti analala kwenu na hajalipia rumu, huyo ndiye huachwa nje ya listi na amekoholewa usiku mzima kama nyinyi. Kazi yao si kukagua risiti.