Michango ya mafuriko Kyela: tengeni fungu la kufuatilia maamuzi, na litengeni mapema

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Mkuu mleta uzi, nimesoma mada yako na majibu yote ya chini. Kwa anayeingia sasa: wana-Kyela waishio Dar wamechanga fedha kwa ajili ya ndugu zao waliokumbwa na mafuriko, na kikao kimegawanyika. Wapo wanaotaka kila senti iende kwenye mabati, unga na magodoro. Wapo wanaotaka sehemu ya fedha itumike kufuatilia halmashauri: orodha ya waathirika, tuta la mto, viwanja vya kuhamia. Kundi la kwanza linawajibu wenzao, "msituletee siasa kwenye msiba".

Mimi niko na kundi la pili, ingawa si kwa sababu zote wanazozitoa. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye shirika dogo hapa Mbeya, na moja ya kazi zilizopita mikononi mwangu ni ruzuku ya mfadhili wa Ulaya iliyokuja baada ya mto kuacha njia yake na kukatiza katikati ya vijiji kule bondeni. Fedha zilikuwa za vifaa tu. Mkataba ulitaja mablanketi, vyombo vya ndani, mabati na misumari, na mstari mmoja chini ukakataza shughuli zozote zenye mwelekeo wa kisiasa. Tulisaini. Nani angekataa?

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata orodha ya waathirika. Mtendaji wa kijiji alikuwa nayo tayari kwenye daftari la kaunta, kalipiga mistari kwa rula: namba, jina, kitongoji, nyumba iliyobomoka yote, nyumba iliyobomoka sehemu, saini. Daftari safi, na mtendaji mwenyewe mtu mwaminifu, sijawahi kumtilia shaka. Tatizo lilikuwa hizo safu, kwa sababu zilihesabu nyumba. Anayeyajua maisha ya kule anajua kwamba kwenye ua mmoja utamkuta baba na mama, kijana wao aliyeoa na kibanda chake cha pembeni, shangazi aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, na pengine mgeni aliyekodi shamba la mpunga kwa msimu. Nyumba kubwa ya tofali za kuchoma ikibaki imesimama, hata kama vyumba vya udongo vya pembeni vimekwenda na maji, ua mzima unaandikwa "sehemu" na jina ni la baba. Shangazi hayupo. Aliyekodi shamba hayupo kabisa, na huyo ndiye aliyepoteza kila kitu, maana mpunga ulifunikwa na mchanga na daftari halikuwa na safu ya shamba.

Siku ya ugawaji mama mmoja mtu mzima alisimama pembeni ya foleni mpaka tumemaliza, ndipo akanisogelea. "Mwanangu, mimi sikufuata blanketi. Nataka jina langu liwemo kwenye kile kitabu, maana nasikia watakaopewa viwanja kule juu ni wa kitabu hicho hicho." Alikuwa ameelewa mambo kuliko sisi tuliotoka mjini na gari. Orodha ile ya blanketi ilipanda kata, ikapanda wilaya, na kila kilichokuja baadaye kilipimwa kwayo, kuanzia mbegu hadi viwanja. Hata tungegawa vifaa kwa haki namna gani, ambaye hakuandikwa alikuwa ameshatoka kwenye hesabu.

Mabadiliko yalikuja kwa njia nyingine. Wazee wa kitongoji na walimu wawili wa shule ya msingi walidai mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kwa utaratibu unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu lakini sehemu nyingi hauitishwi. Wakataka orodha isomwe jina kwa jina hadharani, na iongezwe safu ya kaya na safu ya shamba. Ilikula mchana mzima na sauti zilipanda kweli kweli. Gharama yake sasa: karatasi, kipaza sauti cha kukodi, nauli za watu wa vitongoji vya mbali, na mtu mmoja wa kuandika muhtasari unaoeleweka, aupeleke kata, asiondoke mpaka umegongwa mhuri. Sisi wenye ruzuku hatukuruhusiwa kulipia hata hicho kipaza sauti, kwa kuwa mfadhili aliona ni siasa. Wakachangishana wenyewe, watu waliokuwa bado wanalala madarasani.

Anayedhani haya ni mambo ya vijijini kwetu atazame New Orleans. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, jimbo la Louisiana lilianzisha mpango ulioitwa Road Home wa kuwalipa wenye nyumba kwa fedha za serikali kuu ya Marekani. Kanuni ilikuwa kwamba mtu anapigiwa hesabu kwa thamani ya nyumba yake kabla ya kimbunga au kwa gharama ya kuitengeneza, ile iliyo ndogo. Ukiisikia haraka utaona ni haki. Lakini nyumba mbili zinazofanana, moja mtaa wa Wazungu na nyingine mtaa wa watu Weusi, bei zake sokoni zilipishana sana, ilhali mbao na saruji ya kuzijenga upya bei ni ile ile. Kwa hiyo wa mtaa wa pili alipewa fedha isiyomaliza nyumba. Kituo cha kutetea haki za makazi cha jiji hilo, pamoja na umoja wa kitaifa wa vituo vya aina hiyo na wenye nyumba watano, walifungua kesi 2008. Mwaka 2011 wakamalizana kwa makubaliano ya dola milioni 62 za ziada kwa wenye nyumba. Hao hawakuwa chama cha siasa, ni asasi za kiraia. Malori ya maji ya chupa yasingeweza kuzipata fedha hizo, hata yangekuja mia.

Tukirudi nyumbani, tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 mnalikumbuka. Watu walichanga, mabalozi wakachanga, wafanyabiashara wakachanga. Mapema 2017 Rais Magufuli alikwenda Kagera akasema wazi kwamba serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na michango ikaelekezwa zaidi kwenye taasisi za umma, zikiwemo shule kama Ihungo. Halafu Hanang, tope la 3 Desemba 2023: safari hii serikali na wadau wakawajengea waathirika nyumba mpya kule Waret. Nchi ni ile ile, ndani ya miaka saba na kidogo, na maamuzi mawili tofauti. Sisemi lipi lilikuwa sahihi, maana wapo wenye hoja nzito pande zote mbili. Nasema anayechanga akidhani mchango wake unatua kwenye paa la shangazi yake ana haki ya kuuliza mapema unatua wapi, na kuuliza huko kunahitaji mtu, muda na nauli.

Sasa jambo ambalo sijaona mtu amelitaja kwenye huu uzi, nalo kwangu ndilo kubwa: kalenda. Mvua za Kyela hukolea Machi hadi Mei. Ile Aprili 2024, mwezi ambao tope la mlima Kawetele lilishuka Itezi hapa Mbeya mjini, Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge tarehe 25 kwamba mvua za msimu ule zimeua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000. Lakini Aprili bajeti ya halmashauri ya mwaka unaoanza Julai imeshapita kwenye baraza la madiwani na iko Dodoma. Tuta lililobomoka mwezi huo halimo. Litaingia, kama litaingia, kwenye vipaumbele vinavyoanza kukusanywa vijijini mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kwa ajili ya mwaka mwingine kabisa. Na mwezi wa kumi hakuna mwandishi wa habari, hakuna lori, unga uliisha zamani, na hata kundi lenu la WhatsApp litakuwa limerudia picha za harusi. Tukiacha hapo, maji ya Aprili inayofuata yanapita pale pale kwenye pengo la mwaka jana na kuyakuta mabati yenu.

Halafu ujue kila kitu kina mwenyewe. Kalavati na barabara ya kijijini ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mto wenyewe ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa. Skimu ya mpunga ni Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Katazo la kufanya shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto liko kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na huwa linakumbukwa ghafla baada ya mafuriko, pale watu wanapoambiwa wahame bila kuonyeshwa pa kwenda. Viwanja ni idara ya ardhi ya halmashauri. Kamati ya maafa ya wilaya mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Mwanakijiji aliyepoteza mpunga hana nauli ya kuzizungukia ofisi hizo zote, akiambiwa kila mahali kwamba faili lake liko kwingine. Kijana mmoja aliyemaliza chuo, mwenye simu, pikipiki ya kukodi na barua ya kijiji yenye mhuri, anaweza.

Mnaogopa siasa, nawaelewa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 haitaki shirika litafute madaraka au lipigie chama kampeni, na ni sawa. Ila kudai orodha isomwe hadharani si kumpigia mtu kampeni, wala kuomba tuta liingie kwenye bajeti. Na msipofanya ninyi, msidhani nafasi itabaki wazi. Nimeona magodoro ya msaada yakishushwa yakiwa yamebandikwa picha ya mtu aliyekuwa anautaka ubunge, hata nusu mwaka haujapita. Wakongwe humu wanakumbuka takrima, yaani ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura: sheria ya uchaguzi ilirekebishwa mwaka 2000 ikaihalalisha, mpaka Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo 2006 baada ya asasi za haki za binadamu kwenda mahakamani. Neno limetoweka kwenye sheria, magodoro bado yanakuja na picha.

Kundi la kwanza nao wana hoja. Wiki za mwanzo ni chakula, dawa ya maji na pa kulala, asiwadanganye mtu. Na fedha nyingi za ushawishi na utetezi, tuambiane ukweli, zinaishia ukumbini Mbeya mjini: bango la kitambaa, chai na maandazi, posho ya washiriki, picha ya pamoja, ripoti. Fungu lenu likienda huko ni heri lingenunua misumari.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Shilingi moja katika kila kumi iwekwe pembeni tangu siku ya kwanza, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao chenu, na isiguswe mpaka Septemba. Itumike kwa mambo ya vijijini tu: mkutano mkuu, nakala za orodha, nauli, na huyo kijana wa kufuatilia, alipwe kwa mwezi na atoe taarifa kwenu na kwa mkutano wa kijiji kwa pamoja. Wanakijiji ndio waseme wanataka nini. Ninyi wa Dar msiwaandikie madai, maana niliwahi kuona barua nzuri mno ya wazawa waishio mjini ikidai shule ya bweni, kijiji chenyewe kinalilia kalavati. Akaunti iwe moja, yenye watia saini watatu, na taarifa ya benki ibandikwe kundini kila mwezi. Kagera ile ya 2016 uteuzi wa maofisa ulitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti ya jina linalofanana na ile rasmi ya maafa, sasa ninyi wenye kundi la simu mko salama kwa lipi?

Umeuliza pia kuhusu mheshimiwa diwani anayetaka vifaa vikabidhiwe kwake avigawe yeye. Msimkatalie kwa maneno makali, mtamhitaji kwenye baraza mwezi wa kwanza. Mwambieni vifaa vinakabidhiwa kwa serikali ya kijiji mbele ya mkutano, yeye ni mgeni rasmi, na mumpe kipaza sauti. Akiwa amesimama pale, mwenyekiti wa kijiji amsomee mbele ya watu ombi la tuta na la safu ya shamba, na litiwe kwenye muhtasari kwamba amelipokea. Sisi tulifanya hivyo kijiji cha pili, baada ya mfadhili kulegeza mkataba, na diwani yule alilibeba mwenyewe hadi halmashauri.

Fomu ya orodha yenye safu za kaya, mpangaji na shamba ninayo kwenye kompyuta ya nyumbani. Nitaibandika hapa jioni umeme ukirudi. Yeyote mwenye uzoefu wa mabonde ya mpunga ya Mbarali au Pawaga aongezee, kule mashamba ya kukodi ni mengi kuliko kwetu na sijui safu moja ya shamba itawatosha.