Ofisi mbili za ajira Hispania, niende ipi?

SWALI: Habari mhariri. Niko Barcelona, msimu wa hoteli umeisha nikaachishwa, nikaenda ofisi ya ajira wakaniandikisha halafu eti hela ya kukosa kazi nikaombe ofisi nyingine. Mbona wamegawanya hivi? Na nikihamia Sevilla kwa shemeji yangu itakuwaje?

JIBU: Pole sana ndugu. Zamani kulikuwa na shirika moja tu la ajira la taifa, INEM, ila kuanzia miaka ya 1990 serikali kuu ikaanza kukabidhi mikoa kazi ya kutafutia watu ajira na mafunzo, mkoa wa Basque wakaja kuchukua yao mwishoni kabisa, 2010. Hapo mkoani kwenu Catalonia ofisi ya kutafutia ajira, ile iliyokuandikisha, ni SOC. Malipo ya kukosa kazi yakabaki Madrid, kwa SEPE, shirika la taifa lililorithi INEM, ili kanuni za malipo ziwe zilezile nchi nzima, na mimi naona hilo ni haki kabisa maana mwenye njaa ni mwenye njaa popote alipo. Kubaya ni huku kumzungusha mtu aliyekwisha choka.

Sasa fanya haraka: una siku 15 za kazi tangu ajira iishe kuomba hela SEPE, tena chukua miadi leo leo. Ile karatasi ya kujiandikisha uliyopewa SOC ina tarehe za kuihuisha, kwa kawaida kila miezi mitatu, waweza hata kwa simu mtandaoni, ukiikosa mara ya kwanza tu wanakukata malipo ya mwezi mzima! Ukienda Sevilla jiandikishe SAE, ofisi ya ajira ya mkoa wa huko, Andalusia, na SEPE nao uwaambie anwani mpya.